Biashara ya majina ya tovuti: auze au angojee?

 

 Ndugu msomaji, baada ya swala ya Ijumaa iliyopita alitujia bwana mmoja wa umri wa miaka thelathini na kitu, mtu msomi na mwenye haya, akatutaka tukae naye pembeni. Alikuwa na swali ambalo hatukulikuta katika vitabu tulivyosomeshwa madrasa, wala hatukulisikia chuo kikuu. Yeye ana majina tisa ya tovuti, ambayo wenyewe wafanyabiashara wake huyaita domeni. Kila jina ni herufi nne tu na linaishia na .com. Ameyanunua tangu mwaka 2015 kwa nia ya kuyauza yapandapo bei. Sasa kampuni moja ya ng'ambo, ambayo herufi nne za mwanzo wa jina lake zinalingana na jina mojawapo, imemletea ofa ya dola 2,800. Je, auze au angojee? Na je, kungojea huko si ihtikari iliyokatazwa?

Tulimjibu kwa kifupi siku hiyo, kisha tukaona kwamba jambo lenyewe lina mambo ndani yake ambayo yanawahusu wengi, wakiwamo wasiojua domeni ni nini. Kwa hiyo tumeona tuliandike.

Tuanze na bidhaa yenyewe. Kila tovuti ina anwani yake, na anwani husajiliwa kwa jina la mtu kwa ada ya mwaka. Jina la kwanza lenye tamati ya .com, nalo ni symbolics.com, lilisajiliwa Marekani tarehe 15 Machi 1985. Usajili ulikuwa bure mpaka 1995 ndipo ada ilipoanza kutozwa. Alifabeti ya Kirumi ina herufi 26, hivyo majina ya herufi mbili tupu yanayoishia na .com hayawezi kuzidi 676. Ya herufi tatu hayazidi 17,576, na ya herufi nne hayazidi 456,976. Hapa ndipo uchu unapozaliwa. Ni kama viwanja vya ufukweni: watu wanaongezeka, ufuko hauongezeki.

Na wako waliofaidi kweli kweli. Mwaka 2010 kampuni ya Facebook ililinunua jina fb.com kutoka jumuiya ya wakulima wa Marekani, American Farm Bureau Federation, kwa dola milioni 8.5. Mwaka 2014 kampuni ya GMO Internet ya Japani ikalinunua z.com kutoka Nissan kwa yeni milioni 800, na mwaka huo huo Xiaomi ya China ikanunua mi.com kwa dola milioni 3.6. Hizo ndizo habari zinazosafiri. Habari za mtu aliyelipia ada ya majina mia kwa miaka kumi, kisha akayaacha yakafutika, hakuna anayezipeleka gazetini.

Bwana wetu aliingia sokoni mwishoni mwa 2015, na huo ulikuwa wakati wa aina yake. Wawekezaji wa China, ambao soko lao la hisa lilikuwa limeanguka katikati ya mwaka huo, walivamia majina mafupi. Walipendelea yasiyo na irabu a, e, i, o na u, wala herufi v, kwa kuwa herufi hizo ama hazianzi maneno yao yanapoandikwa kwa maandishi ya Kirumi, ama huanza kwa nadra. Ukiziondoa hizo sita unabaki na herufi 20, na majina ya herufi nne yanayopatikana humo ni 160,000. Jina lililokuwa likiuzwa mamia machache ya dola mapema mwaka ule lilikaribia dola 2,000 kufika Desemba. Yeye aliyapata yake kwa takriban dola 1,500 kila moja. Mwaka 2016 bei ikaanza kuteremka. Leo, kwa maelezo yake mwenyewe, wafanyabiashara wenzake hawampi zaidi ya dola 250 kwa jina akiyauza kwa pamoja.

Sasa hukumu. Jambo la kwanza ni kujua anachokiuza, kwani Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kuuza asicho nacho. Anayesajili jina hamiliki herufi. Herufi ni za viumbe wote. Anachomiliki ni haki ya kulitumia jina hilo peke yake kwa muda aliolipia, muda usiozidi miaka kumi kwa mara moja, pamoja na haki ya kuendelea kulipia. Akiacha kulipa hupewa siku za msamaha, kisha siku 30 za kulikomboa kwa gharama kubwa, kisha siku tano, halafu jina linaachiwa yeyote awahiye. Na tamati zenyewe haziishi milele. Majirani zetu wa Kongo walikuwa na tamati ya .zr enzi za Zaire. Nchi ilibadili jina mwaka 1997, na.zr ikafutwa 2001, ikabaki .cd.

Mfano wa karibu katika maisha yetu ni kilemba cha duka. Mpangaji aliyekaa Kariakoo miaka mingi humwachia mwenziwe chumba kwa fedha ambazo si kodi wala si bei ya nyumba, bali ni malipo ya kuondoka na kumpisha. Majmaa ya Fiq'hi ya Kiislamu iliyo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu ililizungumza suala la kilemba katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1988. Desemba ya mwaka huo huo, katika kikao cha Kuwait, ikapitisha kwamba jina la biashara, alama ya biashara, hakimiliki za uandishi na uvumbuzi ni haki za mali zenye thamani katika desturi za leo, zinalindwa kisheria, na yafaa kuziuza iwapo hamna ghururi wala udanganyifu. Hakuna aliyekuwa akifikiria domeni siku zile, lakini sisi hatuoni sababu ya kuzitoa katika hukumu hiyo. Kwa hiyo kuuza kwafaa.

Kungojea je? Ihtikari iliyokemewa na Mtume (S.A.W.) katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameifunga katika chakula cha watu, kama alivyobainisha Imamu Nawawi katika sherehe yake ya kitabu hicho. Wako wengine walioipanua ikachukua kila ambacho watu wanapata dhiki kwa kukikosa. Kwa kauli yoyote utakayoichukua, hakuna mtoto anayelala na njaa kwa sababu jina la herufi nne halijauzwa. Kungojea si ihtikari.

Linalokatazwa hapa ni jingine. Ni kusajili jina ambalo unajua ni la mwenzio, la kampuni au la mtu aliyekwisha kujulikana nalo, ili umkamue. Hata wasio Waislamu wameliona hilo kuwa ni dhulma, na tangu 1999 kuna utaratibu wa kimataifa ambao mwenye alama ya biashara huweza kudai jina lililosajiliwa kwa nia mbaya na kurejeshewa. Kununua jina ili kumuuzia mwenyewe kwa bei ya juu ni miongoni mwa dalili za nia hiyo. Bwana wetu alituapia kwamba alinunua herufi tu, hakumjua mnunuzi huyu, na kwamba kampuni hiyo yenyewe imeanzishwa baada ya 2015. Ikiwa ndivyo, hana lawama katika kuomba bei. Tulimwambia pia aangalie kampuni inafanya nini. Majina mafupi hupendwa sana na wenye tovuti za kamari, na kumuuzia mtu unayejua kwamba atalitumia jina kwa kamari ni kama kumuuzia zabibu mwenye kukamua pombe. Hatulazimiki kupeleleza, lakini tovuti ya kampuni iko wazi kwa yeyote mwenye simu.

Akitaka kulipeleka jina mnadani ajihadhari na najshi, yaani mtu kupandisha bei na hali hana nia ya kununua. Jambo hili haliko mbali na biashara hii. Mwaka 2009 kampuni ya minada ya domeni ya SnapNames, ya Marekani, ilitangaza yenyewe kwamba mfanyakazi wake alikuwa akishindana na wateja kwa jina la bandia katika minada yake tangu 2005.

Mpaka hapo, ndugu msomaji, swali lilikuwa jepesi. Lakini tulimuuliza swali ambalo kila mwenye bidhaa ya kungojea inampasa aulizwe: umezitolea zaka?

Alinyamaza, kisha akasema: "Sheikh, hizi ni herufi tu. Hazina thamani mpaka ziuzwe."

Tukamuuliza kwa nini basi hataki dola 2,800. Akajibu kwamba jina lile lina thamani ya dola 20,000.

Hatumsimangi. Bei mbili hizi ziko katika vinywa vya wengi wetu, katika viwanja, katika nyumba zinazojengwa kwa kuuzwa, katika vito na hisa. Tukijisifu kwa rafiki, mali ni nyingi. Zaka ikifika mlangoni, mali haipo. Sheria haiikubali hata moja kati ya bei hizo mbili. Mali iliyonunuliwa kwa nia ya kuuzwa ni mali ya biashara, na kwa kauli ya wengi wa wanazuoni, na ndiyo tunayoifuata sisi wa mwambao huu, hukadiriwa kila inapotimia mwaka, iwe imeuzwa au haikuuzwa. Hukadiriwa kwa bei ya soko la siku hiyo, si ya siku iliponunuliwa, wala si ya siku tunayoiota. Ikifika nisabu pamoja na fedha nyingine za biashara, hutolewa fungu moja katika mafungu arubaini.

Imamu Malik (R.A.) ametofautisha. Kwake yeye mfanyabiashara anayezungusha mali kila siku hukadiria kila mwaka, ama anayeweka bidhaa akingojea soko lipande, huyo hutoa zaka atakapouza, na ni ya mwaka mmoja tu hata kama amengojea miaka kumi. Tumelitaja hili kwa sababu ni elimu, na kwa sababu wako wanazuoni wa zama zetu wanaowafutu hivyo wale ambao bidhaa zao zimelala kabisa. Lakini anayeichukua kauli hii aichukue kwa kuwa ameridhika na dalili yake, asiichukue kwa kuwa imempunguzia. Na hata yeye hasalimiki na wajibu wa kuijua bei ya kweli, kwani siku ya kuuza itafika.

Basi tukamkalisha akadirie. Siyo kwa bei ya mnunuzi mmoja mwenye haja, maana huyo huja mara moja kwa miaka, bali kwa bei ambayo wafanyabiashara wangempa wiki hii akitaka kuyaondoa yote. Tuchukulie kwamba mwishoni mwa 2016 majina yalikuwa bado na thamani ya dola 1,000 kila moja. Yote tisa ni dola 9,000, na zaka ya mwaka ule ni dola 225. Mwaka uliofuata pungufu, na uliofuata pungufu zaidi. Aliandika karatasi nzima, mwaka kwa mwaka, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo akaona mbele yake kitu alichokuwa akikikimbia: mstari wa bei unaoteremka bila kupanda hata mara moja. Asiyekuwa na fedha taslimu ya kulipa hapati kwa hilo ruhusa ya kusahau. Huiandika kuwa ni deni, akalipa kadiri anavyopata.

Ndipo akatueleza jambo ambalo kumbe ndilo lililomleta.

Fedha alizonunulia majina zilitoka katika mirathi. Baba yao alifariki, mama akiwa ametangulia, wakabaki yeye na dada yake peke yao. Nyumba ya Tanga iliuzwa shilingi milioni 30. Kwa hukumu ya Suratun Nisaa aya ya 11, mwanamume hupata mafungu mawili na mwanamke fungu moja, kwa hiyo milioni 20 zilikuwa zake na milioni 10 za dada. Zote alizipokea yeye, kwa kuwa yeye ndiye aliyesimamia mauzo, na zote akazitia katika majina tisa. Dada alielezwa baadaye kwamba fedha zimewekwa katika biashara ya mtandaoni. Hakusema kitu. Sasa dada huyo ni mjane mwenye watoto wawili shuleni, na kila anapomuuliza kaka yake habari ya fungu lake hujibiwa: subiri kidogo, soko litapanda.

Hapa jibu letu likabadilika, na tungependa msomaji alione lilivyobadilika. Mtu huweza kungojea kwa mali yake hata maisha yake yote. Akipata ni riziki, akikosa ni qadari, na ni juu yake kuhakikisha tu kwamba watu wa nyumbani mwake wamekula. Lakini hana haki ya kungojea kwa mali ya mwingine. Milioni 10 zile zilikuwa amana mikononi mwake, na Mwenyezi Mungu katika sura hiyo hiyo, aya ya 58, ametuamrisha kuzirejesha amana kwa wenyewe. Mwenye amana akiitumia bila idhini amevuka mipaka, na akivuka mipaka anakuwa dhamini: hasara ni yake. Alisema, lakini dada hakukataa. Imamu Shafi (R.A.) mwenyewe ametufundisha kwamba anyamazaye hanasibishwi na kauli. Na mwanamke aliyefiwa na baba juzi, anapoambiwa na kaka yake kwamba jambo limekwisha kufanyika, kunyamaza kwake kunaweza kuwa ni adabu, au ni kuchoka, au ni kutokujua domeni ni nini.

Lau angalimwomba ruhusa kabla, na dada akaridhia, wangalikuwa washirika, na hasara wangaligawana kwa kadiri ya mitaji yao. Hata hivyo dada angalikuwa na haki ya kuuvunja ushirika wakati wowote autakao, kwa maana ushirika katika madhehebu yetu si mkataba wa kumfunga mtu asitoke. Maneno "subiri soko lipande" hayana nguvu juu yake kwa njia yoyote ile.

Tulipiga hesabu pamoja. Dola 2,800 ni takriban shilingi milioni 7. Majina manane yaliyobaki, kwa dola 250 kila moja, ni dola 2,000, takriban milioni 5. Jumla milioni 12, kabla ya ada za uhamisho. Akilipa milioni 10 za dada atabakiwa na kidogo sana cha kumkumbusha milioni zake 20. Alipoliona hilo alisema kwa sauti ya chini kwamba ndiyo maana alikuwa akiitaka dola 20,000: alitaka kumlipa dada bila yeye kubaki mtupu. Tulimwamini. Wengi wanaong'ang'ania bidhaa iliyoanguka hawang'ang'anii tamaa, wanang'ang'ania kutokukubali kwamba walikosea mwaka ule, na kila ada ya mwaka wanayolipa ni ya kununua mwaka mwingine wa kutokukubali.

Kwa hiyo rai yetu ilikuwa hii. Jina lenye mnunuzi aliuze. Akitaka kumrudishia mnunuzi bei ya juu kidogo, mathalani dola 3,500, afanye hivyo mara moja na kwa adabu, lakini asiliachie kwa kugombania kisichokuwapo. Imamu Ghazali katika Ihya amepokea kwamba Abdurrahman bin Auf (R.A.), tajiri miongoni mwa sahaba, alipoulizwa sababu ya utajiri wake alitaja kwamba hakuwahi kuikataa faida, hata ikiwa ndogo. Hapa hata si faida ukiitazama jumla, ni kuokoa kilichosalia; lakini ni dola 2,800 kwa jina ambalo jirani yake wa sokoni angelitoa kwa 250. Fedha hizo zote zimwendee dada, na asizitie mfukoni hata kwa siku moja zikaonekana ni zake. Milioni 3 zinazobaki aziandikie hati mbele ya mashahidi wawili, na tarehe ya kulipa.

Ama majina manane, kama akiyauza amlipe dada papo hapo ni bora. Dada akiridhia kungojea milioni 3 mpaka kaka azipate kwa mshahara wake, basi majina hayo ni yake mwenyewe, na hapo sheria haimkatazi kungojea. Ayakadirie kila mwaka, atoe zaka inayompasa, alipe ada kwa fedha isiyokuwa ya karo wala ya chakula, na ajiwekee kipimo: kama leo asingekuwa nayo, je, angeyanunua kwa dola 250? Alipojiuliza hivyo mbele yetu alisema angenunua mawili, labda matatu. Basi sita yaliyobaki anayashikilia kwa nini?

Kabla ya kuondoka aliuliza lile ambalo kila muuzaji huliuliza usiku: itakuwaje akiliuza kwa dola 2,800, na mwakani mtu akalinunua kwa 30,000? Tulimwambia inawezekana kabisa. Nissan nao waliiuza z.com, na huenda yupo aliyesema waliharakisha. Lakini swali la dada halina mwakani ndani yake. Karo inadaiwa Januari.

Jumamosi alikuwa asafiri kwenda Tanga na ile karatasi ya hesabu. Ofa ya kampuni ina siku kumi. Hatujapata bado habari ya walivyokubaliana yeye na dada yake.

Wallahu a'lam.